Nisomee Maafa, Nisomee Uhandisi, au Nibaki Kituoni?

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni askari wa zimamoto na uokoaji mwenye cheo cha Sajini, na ninafanya kazi katika mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa. Nina umri wa miaka 34, nina mke na watoto watatu, na kabla ya kuajiriwa nilihitimu stashahada ya ufundi ujenzi. Ninakuandikia kwa sababu muda wa kuthibitisha udahili wa chuo kikuu unakaribia kwisha, na bado sijui nithibitishe kozi ipi, wala sijui kama nithibitishe yoyote.

Kozi ya kwanza niliyochaguliwa ni shahada ya usimamizi wa maafa, ambayo ni ya miaka mitatu. Nimeiona orodha ya masomo yake: tathmini ya hatari, uchoraji wa ramani za maeneo yenye hatari, takwimu, sera na sheria za maafa, mawasiliano wakati wa dharura, afya ya jamii, usimamizi wa misaada, na somo moja tu lenye neno moto katika jina lake. Kozi ya pili ni uhandisi ujenzi, miaka minne, katika chuo kingine kilicho mbali zaidi. Huko hesabu ni nyingi, na mimi niliagana na hesabu za darasani zamani. Njia ya tatu ni kutokwenda kokote, nikasubiri kozi za kupanda cheo katika Chuo cha Zimamoto na Uokoaji cha Chogo, Handeni, huku nikiendelea na kazi ninayoijua.

Wenzangu kituoni wananiambia kwamba moto hauzimwi kwa cheti. Wamewaona vijana wenye shahada wakiletwa kuwaongoza ilhali hawajui hata kuunganisha mpira wa maji na pampu, na wananiuliza kama nami ninataka kuwa kiongozi wa namna hiyo. Mkuu wangu wa kituo, ambaye ninamheshimu sana, ananisihi nichukue kozi ya maafa kwa sababu ni fupi, haina hesabu ngumu, na shahada ni shahada linapokuja suala la cheo. Mke wangu hataki nichukue yoyote. Nyumba tunayojenga imefika kwenye linta, fedha tulizoweka ni za kupaua, na anasema zamu ya kusoma sasa ni ya watoto. Ana duka dogo la nafaka, na anaona wazi kwamba nikiondoka mzigo wote utamwangukia yeye.

Kuna jambo ambalo sijamweleza mkuu wangu. Nia ya kusoma ilinijia baada ya tukio moja la usiku. Tuliitwa kwenye nyumba ya kuishi iliyokuwa ikiungua, na tulipofika mlango wa mbele haukupitika tena kwa moto. Madirisha yote yalikuwa na grili zilizochomelewa. Tulikata grili ya chumba cha nyuma, na mimi ndiye niliyeingia. Mama na watoto wake wawili walikuwa sakafuni, chini ya dirisha. Hawakuwa wameungua, moshi ulikuwa umewawahi. Tangu usiku huo ninajiuliza maswali ambayo pale kituoni hayana wa kuyajibu. Moto ulianzia sebuleni, na sisi hatukuchelewa; iweje moshi uwe umekwisha kuua chumba cha nyuma? Kwa nini nyumba ijengwe bila njia ya pili ya kutokea? Na ni kazi ya nani kulisema hilo kabla moto haujawaka?

Nyumbani nimeiondoa grili ya dirisha la chumba cha watoto, na mke wangu anaogopa wezi kiasi kwamba tumegombana. Usiku ninaamka kukagua jiko la gesi na swichi, kisha usingizi haurudi. Yeye anaamini kwamba kuamka huko na hamu hii ya chuo ni ugonjwa mmoja. Mimi ninaamini kwamba nikiipata elimu ya kuyajibu maswali yangu nitatulia. Naomba unisaidie kufikiri.

Sajini, Kanda ya Ziwa

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Umeuliza kuhusu njia tatu, lakini ninavyokuelewa unabeba mambo manne kwa wakati mmoja: kiu ya kujua, suala la cheo, mustakabali wa nyumba yako, na usiku ule. Kila mtu uliyemwomba ushauri ameshika moja kati ya hayo na kulijibu kwa uaminifu. Mkuu wako amejibu kuhusu cheo, mke wako amejibu kuhusu nyumba, na wenzako wamejibu kuhusu heshima ya kazi. Hakuna aliyekujibu kuhusu usiku ule, kwa hiyo niruhusu nianzie hapo, ingawa umeuweka karibu na mwisho wa barua.

Swali lako la kwanza lina jibu ambalo sayansi ya moto huwafundisha wanafunzi wake mapema sana. Vitu vilivyomo katika sebule za siku hizi, yaani makochi na mito ya sponji, mazulia ya plastiki na vifaa vya umeme, huwaka kwa kasi na kutoa moshi mzito wenye gesi ya kaboni monoksaidi, na sponji huongeza sumu ya sianidi. Moshi huo wa moto hupanda hadi darini, hutambaa chini ya dari, hupita juu ya milango iliyo wazi na kujaza vyumba vingine muda mrefu kabla ya miali kuvifikia. Joto la darini linapokaribia nyuzi 600 za selsiasi, karibu kila kitu kilichomo chumbani kinaweza kuwaka kwa mara moja. Kwa sababu hiyo, wengi wanaokufa katika moto wa nyumba huuawa na moshi, na anayevuta hewa hiyo anaweza kuishiwa nguvu katika dakika chache. Sikuwepo pale, na siwezi kueleza kila kilichotokea katika nyumba ile. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kutochelewa kwenu na kufa kwao vinaweza kuwa kweli vyote viwili, bila kimoja kukikanusha kingine.

Sasa tazama, mwanangu: umelipata jibu, angalau sehemu yake. Je, unadhani usiku wa leo utalala? Ninakuuliza kwa upole kabisa, kwa sababu barua yako imejengwa juu ya imani kwamba elimu ikija utulivu utaifuata. Inawezekana ikawa hivyo. Inawezekana pia kwamba maswali yako ni mambo mawili yanayofanana kwa sura: moja ni la mwanafunzi anayetaka kujua, na jingine ni la mtu aliyewainua marehemu kwa mikono yake. La kwanza hujibiwa darasani. La pili, yaani kuamka usiku, kukagua jiko tena na tena na usingizi kukatika, ni hali inayojulikana sana miongoni mwa waokoaji duniani kote, na inatibika. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili, na kumwona mtaalamu wa huko hakuondoi hata nyota moja begani mwa askari. Hofu yangu ni kwamba ukiichukua kozi kama dawa, kisha ukafika mwaka wa pili ungali unaamka usiku, unaweza kuilaumu kozi au kujilaumu mwenyewe bila sababu. Tena masomo haya, iwe ya maafa au ya majengo, hufundishwa kwa kusoma ripoti za matukio ya vifo, na picha zake utakutana nazo darasani. Katika hili mke wako huenda ameona kitu, hata kama sikubaliani naye kwamba hamu ya kusoma yenyewe ni ugonjwa.

Tukirudi kwenye kozi, ningependa tuitazame upya ile orodha iliyokukatisha tamaa kwa kuwa na somo moja tu la moto. Kumbuka ajali ya lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Lori lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, na mvuke wa petroli, ambao ni mzito kuliko hewa, hutambaa ardhini ukisubiri cheche. Askari mwenye mpira wa maji ana nafasi ndogo sana ya kuokoa mara mvuke unapowaka. Nafasi kubwa ilikuwepo kabla ya hapo: katika kuwaondoa watu, katika kuwafundisha wakazi wa kando ya barabara kuu, katika kujua nani ana mamlaka ya kufunga eneo na kwa kasi gani. Au kumbuka ndege iliyotumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, na 19 wakafariki. Wavuvi ndio waliotangulia kuifikia. Kozi nzuri ya usimamizi wa maafa ingekufanya uketi na tukio hilo kwa wiki nzima na kuuliza wavuvi wanaingizwaje katika mpango wa dharura wa kando ya ziwa, nani awape mafunzo, nani awaite, na boti zitoke wapi.

Hata huko Marekani, mfumo wa kuongoza matukio ambao sasa hufundishwa katika nchi nyingi ulitokana na moto wa mwaka 1970 uliounguza misitu na nyumba California. Walipochunguza walikuta kwamba tatizo halikuwa upungufu wa magari na mipira peke yake. Idara zilizokuja kusaidiana zilitumia maneno tofauti kwa kitu kilekile, redio zao hazikusikilizana, na haikueleweka nani mwenye amri ya mwisho. Haya ndiyo masomo yanayofichwa ndani ya majina kama mawasiliano, sera na uratibu, na swali lako la tatu, lile la kazi ni ya nani, makao yake ni humo.

Hatari ya kozi hiyo nayo ni ya kweli. Kuna vyuo vinavyoifundisha vizuri kwa kuwapeleka wanafunzi wilayani kufanya tathmini halisi, na kuna mahali ambapo mwanafunzi humaliza miaka mitatu akiwa amekariri hatua za kuzuia, kujiandaa, kukabiliana na kurejesha hali bila kuandaa mpango hata mmoja. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kina historia ndefu ya mafunzo ya maafa, na jirani zetu wa Kenya wana Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, chenye skuli nzima ya fani hiyo. Unaweza kulinganisha mitaala yao na ya chuo kilichokuchagua. Jambo jingine ni kwamba kozi hiyo haitakufundisha kuusoma mchoro wa jengo na kusema kwa mahesabu kwamba ngazi hii ni nyembamba mno kwa idadi hii ya watu. Sababu ya mkuu wako, kwamba kozi haina hesabu ngumu, ndiyo sababu ninayoiamini kidogo kuliko zote. Takwimu zimo, tena nyingi.

Uhandisi ujenzi unalikabili swali lako la pili ana kwa ana. Jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, waokoaji walihitaji kujua mizigo ya jengo imehamia wapi kabla ya kuondoa nguzo au kutoboa sakafu, na ujuzi huo ni wa mhandisi. Mtu aliyewahi kuingia ndani ya moshi, kisha akawa mhandisi, anaweza kuketi mezani na wachora ramani na kuwaambia mambo ambayo wao hawajawahi kuyaona. Lakini ujue kwamba miaka ya mwanzo ya uhandisi haitakuwa na moto hata kidogo: itakuwa hisabati, mekanika, udongo, upimaji na vifaa vya ujenzi. Uhandisi wa usalama wa moto kama fani kamili hufundishwa katika vyuo vikuu kama Edinburgh, Lund na Maryland, na kwa mtu wa hapa njia ya kawaida ya kuufikia ni kuanza na shahada ya uhandisi mwingine. Kwa hiyo miaka minne huenda ikawa nusu ya safari, na baada yake kuna usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambao nao hudai uzoefu wa kazi chini ya usimamizi. Je, uko tayari kwa njia ndefu kiasi hicho, au ulikuwa unaihesabu kuwa ni miaka minne tu?

Kuhusu hesabu, sidhani kwamba uko mbali nazo kama unavyofikiri. Unajua kwa mikono yako kwamba ukifungua maji mengi zaidi kwenye mpira mrefu, shinikizo la mwisho wa mpira hushuka kuliko ulivyotarajia. Wanafunzi hufundishwa kwamba ukiongeza mtiririko mara mbili, upotevu wa shinikizo kwa msuguano huongezeka kama mara nne. Kanuni hiyo umeifanyia kazi kwa miaka; kilichobaki ni kuiandika. Hata hivyo, kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko, mtu hajifunzi kwa uzoefu, na mtu mwenye watoto watatu na usingizi uliokatika anahitaji kujipima kwa ukweli. Tafuta kitabu cha hisabati cha kidato cha tano, ukifanyie kazi jioni kadhaa, uone kama akili inafunguka au inafunga.

Njia ya tatu umeitaja kwa maneno machache, kana kwamba kubaki ni kushindwa, na hapo ninaomba tusimame kidogo. Sheria ya mwaka 2007 iliyounda Jeshi lenu ililipa pia mamlaka ya kukagua majengo kuhusu kinga na tahadhari za moto. Askari mwenye stashahada ya ufundi ujenzi anaweza kuomba kupangiwa kazi za ukaguzi, na huko swali la nani alisema kabla ya moto linaweza kujibiwa na wewe mwenyewe mwaka huu huu, mbele ya mwenye nyumba ya wageni au mkuu wa shule ya bweni. Ipo pia mitihani ya Taasisi ya Wahandisi wa Zimamoto ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1918, ambayo watu wa nchi nyingi huisomea huku wakiwa kazini; ni kwa Kiingereza na ina ada, lakini haikuhamishi nyumbani. Hatari ya kubaki ni ile unayoijua tayari. Miaka hupita, na katika vikao vinavyopitisha michoro ya majengo mtu huulizwa kwanza ana shahada gani, na maneno ya mwenye uzoefu bila karatasi husikilizwa kwa nusu sikio.

Wenzako wana haki ya kuudhika na kiongozi asiyejua pampu. Lakini wewe unaijua, na shahada haitakunyang'anya ujuzi huo, isipokuwa ukae mbali na zamu kwa muda mrefu bila kurudi kufanya mazoezi wakati wa likizo. Mkuu wako naye anasema shahada ni shahada. Usichukue hatua kwa kutegemea kauli hiyo kabla ya kumwona afisa utumishi na kuuliza, kwa maandishi, kama kila moja ya shahada hizi inatambuliwa katika muundo wa utumishi wa Jeshi na itakubadilishia nini. Katika utumishi wa umma wapo waliorudi na vyeti ambavyo kada zao hazikuvihitaji, na wapo walioondoka bila kibali cha masomo wakakuta ajira iko mashakani.

Mke wako nimemwacha nyuma kwa sababu nadhani mazungumzo naye ndiyo magumu kuliko yote. Unasema hataki usome. Je, amesema hivyo, au amesema kwamba hataki kubaki peke yake na duka, watoto, nyumba isiyo na paa na dirisha lisilo na grili? Hayo ni mambo tofauti. Hilo la dirisha mnaweza kulimaliza bila kusubiri chuo chochote: fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza grili yenye bawaba inayofunguka kwa ndani, ufunguo ukaning'inizwa mahali ambapo mtoto mkubwa anaufikia na mwizi aliye nje haufikii, na wote mkafanya zoezi la kutoka gizani. Wewe unaweza kuwafundisha kuliko mtu mwingine yeyote mtaani kwenu. Ukimwonyesha kwamba hofu yake ya wezi ina uzito sawa na hofu yako ya moto, huenda mkaweza kuketi na kuandika kwenye karatasi moja ada, nauli, kodi ya chumba na bei ya mabati, na kuona ni kipi kinaweza kusubiri na kwa muda gani. Na umweleze habari za chumba kile cha nyuma, kama hujamweleza kikamilifu. Anakuona unaamka, lakini huenda hajui unaamka kutoka wapi.

Kwa kuwa siku za kuthibitisha zinakwisha, ulizia mapema kama vyuo hivyo vinaruhusu kuahirisha udahili hadi mwaka ujao, na kwa masharti gani. Viombe pia maelezo ya kina ya masomo badala ya orodha ya majina tu, na mtafute mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika kila kozi umuulize mafunzo kwa vitendo aliyafanyia wapi na alifanya nini hasa. Ukishayapata majibu hayo na ya afisa utumishi, na ukishaongea na mke wako, niandikie tena. Nitakuwa tayari kuyapitia pamoja nawe.